Bomba Lililonguruma Kama Fahali

Igurusi, Usangu,
Mbeya.
Jumapili, 17 Juni 1973

Mama yangu mpenzi,

Kamwene mama, na Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoka kanisani sasa hivi, hata kitambaa cha kichwa sijakivua, nimeketi kwenye kigoda nje ya nyumba nikuandikie kabla kazi hazijaniita. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa mwili, na tangu majuzi ni mzima wa moyo pia. Je, wewe hujambo? Kile kifua kimekuachia? Najua Juni ya Igowole haimwonei mtu haya, ukungu unakufuata mpaka chini ya blanketi. Nakusihi usiamke na umande kwenda kuchimba viazi. Mwache kaka Liberatus aende, yeye bado ana mifupa mipya. Wifi Lea na watoto wanaendeleaje? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja ameshazaa?

Barua zako mbili nimezipata. Katika ya kwanza uliniuliza kwa upole iwapo bado nitakuja Pasaka kama tulivyoahidiana. Katika ya pili ulikuwa umekasirika, ukaniuliza kama hawa Wasukuma wangu wamenikata mikono. Ulikuwa na haki. Mikono ninayo yote miwili, ila kwa muda mrefu sikuwa na neno la kuandika ambalo lingekuacha ulale usingizi. Sasa ninalo. Nitakueleza polepole, maana kisa chenyewe kinahusu mashine, na wewe gari unalijua kwa kulipanda tu. Weka maji ya chai motoni, ukae. Nakwambia mapema usije ukaogopa: mwisho wake ni mzuri.

Unamkumbuka shemeji Masunga, kaka mkubwa wa mume wangu, yule mrefu aliyekuja kutoa mahari akiwa amevaa koti la mvua siku ya jua kali. Tangu baba yao afariki, yeye ndiye mkuu wa kaya nzima. Ng'ombe ni wa wote lakini neno ni lake. Walipohama Maswa kuja kutafuta malisho huku Usangu, waliuza sehemu ya ng'ombe wakanunua lori, Bedfodi la petroli lililokwisha kutumika, na Seni wangu akapelekwa kujifunza udereva kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo na hakuwa na mke wa kumlilia. Lori hilo ndilo linalopandisha mpunga wetu na wa majirani Mbeya mjini, na ndilo linalotulisha mwaka mvua inapogoma. Wamelipa jina, Ngosha, yaani dume, wakaliandika mbele kwa rangi nyeupe. Nakuapia mama, hakuna ng'ombe wa kaya hii anayepata heshima linayopata lori lile.

Sasa hawa wakwe zangu ni watu wa sauti. Naishi nao na ninawapenda, kwa hiyo niache niwaseme kidogo. Ngoma zao ni za kushindana, kundi na kundi, na kundi lisilosikika mbali halina mtu wa kulitazama. Hata fahali, Masunga anamsikiliza kwanza kabla ya kumtazama. Anasema fahali akilia asubuhi, bonde zima linajua kaya ile ina mwenyewe. Basi mwaka jana jirani yetu mmoja, Budeba, naye akanunua lori, kuukuu kuliko letu, na bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka. Likija mnadani linanguruma, watu wanageuka, wanawake wanapiga vigelegele. Letu lilikuwa linaingia taratibu kama mtu aliyechelewa misa. Masunga aliumia. Alisema mbele ya watu kwamba hakuuza ng'ombe wa baba yake ili anunue gari la kupita kama mwizi.

Akalipeleka Mbeya kwa mchomeleaji mmoja. Wakaikata ekzosi yote iliyokuja na gari, pamoja na lile pipa dogo la kumeza sauti wanaloliita sailensa, wakafunga badala yake bomba moja pana, pana kiasi cha mtu kuingiza mkono mpaka begani. Lilitoka kwenye injini moja kwa moja, likapanda nyuma ya kichwa cha gari na kuchungulia juu ya paa. Lilipowashwa mara ya kwanza nyumbani, kuku wa kaya nzima walipotea mpaka jioni. Masunga alichinja mbuzi. Na tuseme kweli, huku mbugani kwenye barabara iliyonyooka lori lilikuwa likikimbia kuliko zamani, hata Seni mwenyewe alilifurahia.

Wiki hiyohiyo ndiyo tuliyofunga ndoa. Kwa hiyo wageni wawili tuliingia kaya hii pamoja, mimi na bomba. Bomba lilinguruma likapendwa. Mimi Kisukuma sikukijua hata neno, nikawa ninanyamaza, nikisalimiwa ninacheka, nikicheka ninaonekana nina dharau. Nilijipa moyo kwamba lugha itakuja. Dada Mbuke, mke wa Masunga, alianza kunifundisha kidogo kidogo tukitwanga, na siku niliyoweza kusema wabeja, yaani asante, walinipigia makofi.

Furaha ile haikudumu. Ukitoka huku bondeni kwenda Mbeya ni lazima upande kilima cha Inyala. Zamani, kwa mzigo uleule, Ngosha alikuwa anakipanda kwa gia ya pili, polepole, bila kusita. Safari ya kwanza baada ya harusi nilikuwa nimo garini, nakwenda kununua sufuria za nyumba yangu mpya. Tulipofika katikati ya kilima lori likaguta kwa sauti ya kutisha, likapungua mwendo, likapungua tena, likazima. Seni akaliwasha na kuingiza gia ya kwanza. Likatetemeka, likasogea kidogo, likazima tena huku linarudi nyuma. Vibarua wakaruka na magogo kuzuia magurudumu. Ikabidi washushe nusu ya magunia, lipande, kisha lirudi kuchukua yaliyobaki. Tulifika Mbeya soko limefungwa.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila lilipopakiwa. Tambarare linaruka, kilimani linakufa. Petroli nayo likawa linainywa kama ngamia. Wa kwanza kulaumiwa alikuwa Seni. Masunga alimwambia kwamba anauza petroli njiani na kuchanganya mafuta ya taa, neno baya sana kwa ndugu wa tumbo moja. Seni hakujibu, maana kwao mdogo hamjibu mkubwa. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akakaza klachi, akalala chini ya gari hadi mgongo ukafa ganzi. Haikusaidia kitu. Bomba hakuna aliyelitazama. Gari linalonguruma vile litakosaje nguvu? Debe tupu haliachi kuvuma, mama, lakini hakuna aliyeikumbuka methali hiyo, hata mimi niliyefundishwa na wewe.

Ndipo Masunga akaenda kwa mfumu, ndio mganga wao anayepasua kuku na kusoma yaliyomo. Dada Mbuke ndiye aliyenisimulia baadaye. Yule mzee hakumtaja mtu. Aliuliza tu ni kitu gani kipya kimeingia katika kaya tangu mavuno. Wanaume wakatazamana. Masunga akajibu kwamba ameingia mke, Mhehe, mke wa mdogo wake. Mzee akaitikia kwa kichwa na kumfunika kuku wake.

Sitakuficha, miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, hilo nalisema kwa haki. Ila nilikatazwa kupanda lori. Kisha nikaambiwa nisipite mbele yake likiwa linapakiwa, nikawa nazunguka nyuma ya zizi kwenda kisimani, njia ndefu, na ndoo kichwani. Watoto walijua. Nikitokea wanakimbia kusimama mbele ya lori kama wanalikinga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema sisi, lakini mimi nilikuja mwenyeji akaugua. Nikaanza kusikia kwamba kuna mazungumzo ya kunirudisha kwenu mpaka gari lipone, na wote tunajua mama, mke anayerudishwa mpaka gari lipone amerudishwa. Ningekuwa Severina aliyeachwa kwa mkosi, na huko kwetu jina kama hilo halifi. Nikaogopa kulala na nikaogopa kuamka. Barua zako zilinikuta katika hali hiyo, ndiyo maana sikujibu.

Na Seni? Najua utaniuliza. Seni alikuwa mwema usiku na bubu mchana. Nilimkasirikia kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia kaka yake.

Basi wiki ile ya kabla ya Pasaka Masunga akasikia kwamba huko kwetu Mufindi mchele unatafutwa kwa ajili ya sikukuu. Akaamua Ngosha apakiwe, apite Makambako mpaka Nyololo, kisha aingie barabara ya Igowole. Vibarua walikuwa shambani, kwa hiyo Seni aliondoka na abiria mmoja tu, ameketi mbele. Mvua ilikuwa bado inanyesha huko, na barabara ile ya udongo mwekundu unaijua. Walikwenda vizuri kiasi mpaka kile kilima kilicho baada ya mto, kile ambacho ukifika juu yake unaiona Igowole yote.

Hapo lori likafanya mchezo wake. Lilianza kupanda kwa sauti ya kuamsha wafu, na kadiri sauti ilivyozidi ndivyo mwendo ulivyopungua. Seni alijua kwamba akiikimbiza injini magurudumu yatateleza kwenye tope, na asipoikimbiza lori litazima. Likazima. Breki zikashika, lakini tope halikushika, na lori zima na magunia yake likaanza kurudi nyuma, taratibu, upande wa korongo. Seni akapiga kelele abiria aruke. Abiria akaruka, lakini hakukimbia. Alilichomoa lile gogo la kuzuilia gurudumu lililokuwa limefungwa ubavuni, akalitupa nyuma ya gurudumu, lori likaliruka kama si kitu. Akalifuata gogo, akalisukuma tena kwa miguu akiwa amekaa kwenye tope, na mara hii gurudumu likapanda nusu, likakwama. Lori likasimama, gurudumu moja la nyuma liko ukingoni, udongo unadondoka chini kwenye miti.

Hapa nimeweka kalamu chini nikaenda kunywa maji. Haya, tuendelee.

Trekta la shamba moja la chai ndilo lililowavuta kutoka pale mpaka barabara kuu, na kutoka hapo wakavutwa hadi gereji moja ya Mafinga. Fundi wa pale anaitwa Asukile, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu mfupi mwenye maneno marefu, ana cheti cha ufundi amekitundika ukutani na anapenda ukisome kabla hajakusalimu. Yeye naye alianza palepale walipoanza wenzake. Akafungua plagi, akafungua kabureta, akapima kila pistoni, akasema injini ni nzima na dereva ndiye mgonjwa. Seni alikaribia kulia. Kesho yake Asukile akataka kulijaribu mwenyewe. Akaliwasha, akaliacha lizunguke polepole, akapanda juu, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Alikaa hivyo kitambo. Akasema moshi wa gari hili unatoka kama mtu anayepiga miayo, haumpigi mtu mkono. Ndipo akauliza ni nani aliyewafungia chimni ya kiwanda cha chai.

Alivyoeleza, Seni alinieleza hivi, na mimi nakueleza hivyohivyo. Moshi ukitoka kwenye injini unatakiwa ukimbie, maana ule unaotangulia ndio unaouvuta unaofuata. Katika bomba jembamba unakimbia hata injini ikizunguka polepole. Katika bomba pana moshi mchache unazubaa, mwingine unabaki ndani ya injini, na hewa mpya inakosa nafasi ya kuingia. Asukile alisema ni kama maji ya mfereji wa mpunga. Ukiyapitisha kwenye mfereji mwembamba yanasukuma mpaka mawe, ukiyamwaga yaleyale kwenye mfereji mpana yanalala na vyura wanakuja kuishi. Sasa huku mbugani Seni alikuwa anaendesha kwa kasi, moshi ni mwingi, bomba linajaa, na gari linaruka. Kilimani na mzigo injini inazunguka polepole, na nguvu inayotakiwa ni ile ya polepole. Hiyo ndiyo bomba liliyoiua. Akaongeza kwamba amewahi kufunga mabomba kama yale kwenye magari ya mashindano, yanayozunguka kwa kasi tangu asubuhi mpaka jioni, na kwamba gari la mashindano halibebi mpunga.

Akazungukazunguka kwenye vyuma chakavu nyuma ya gereji, akapata ekzosi na sailensa ya Bedfodi lililokufa, vimeshika kutu lakini havijatoboka. Akalikata bomba la Masunga akafunga vile. Jumamosi Kuu wakarudi kwenye kilima kilekile, tope lilelile, magunia yaleyale. Ngosha alikipanda kwa gia ya pili bila kelele yoyote. Seni anasema alidhani injini imezima, mpaka alipoona miti inapita dirishani.

Waliporudi huku, baada ya kumrudisha fundi na kuuza mchele Mafinga, Masunga alilisikia lori likiingia bila sauti akatoka ameshika fimbo. Alidhani limeharibika kabisa. Seni alimwamkia, akamwambia kwa adabu yote kwamba kabla hajasema neno lolote aruhusu lipakiwe mpaka juu, kisha apande mbele waende Inyala. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kumwomba kaka yake jambo mbele za watu. Wakaenda. Lori likapanda Inyala mpaka kileleni kwa gia ya pili. Masunga akateremka, akalizunguka, akapiga magoti na kuchungulia chini kuitazama ile sailensa yenye kutu. Akamwuliza Seni lile bomba pana walilifunga lini. Seni akamjibu kwamba ni wiki ya harusi. Masunga akapanda garini, wakarudi nyumbani.

Jioni akaita kaya nzima, wanawake na watoto, na mimi nikaketishwa mbele. Alisema Kisukuma na dada Mbuke akawa ananifasiria, ingawa sehemu kubwa nilikuwa nimeshaielewa. Alisema mfumu alimuuliza ni kitu gani kipya kimeingia, na vilikuwa vimeingia viwili, na yeye akakitaja kile kisichoweza kunguruma. Alisema aliyemkosea si mdogo wake peke yake. Kisha akaniita mayu, ndivyo wanavyomwita mama, mwanamke wa kuheshimiwa, akanipa mtamba mweupe mwenye doa jeusi kwenye paji la uso, wangu mwenyewe, si wa Seni. Nililia mama, mbele ya watu wote, nililia kwa sauti. Sasa hivi kila ninapopita mbele ya lori watoto wananikimbilia wanishike mkono. Lile bomba halikutupwa. Wamelipasua katikati, ndama wananywea maji. Ila nasikia Masunga ameulizia mjini bei ya honi, ile kubwa kabisa ya mabasi, na kwa hiyo honi, Mungu atusaidie.

Hapo ningeweza kumaliza barua, ungefurahi ukaiweka kwenye kikapu chako. Lakini kuna jambo nimelizungukia kama nilivyokuwa nikilizunguka lori, na sipendi ulisikie kwa mtu mwingine.

Yule abiria alikuwa mimi.

Masunga hakulituma lori Mufindi kwa ajili ya mchele tu. Asubuhi ile aliniambia kwa maneno machache kwamba nikapumzike kwa mama yangu mpaka mambo yatulie. Nilifunga sanduku langu. Dada Mbuke alinisaidia kulibeba akiwa amegeuza uso. Seni aliliweka juu ya magunia akalifunika turubai, akapanda, akawasha gari. Kutoka Igurusi mpaka Nyololo hakunitazama, na mimi sikumtazama. Nilikuwa napanga maneno nitakayokuambia nikifika mlangoni, na kila nililolipanga lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Kisha kile kilima. Lori lile lingekuwa na nguvu zake siku hiyo, lingenifikisha kwako kabla ya jua kuzama, nami leo ningekuwa nakuchotea maji huko Igowole, mke aliyerudishwa. Bomba walilolipenda wakanichukia mimi, hilohilo ndilo lililonizuia nisifike.

Lori liliposimama ukingoni, Seni alishuka akaja nilipokuwa nimekaa kwenye tope, miguu yangu yote miwili ingali imelisukuma gogo kwa sababu niliogopa kuiondoa. Akaketi kando yangu. Akasema, "Mkosi gani huu unaoshika gari lisianguke?" Akarudia tena, kisha akaniomba radhi, akalia kama mtoto, na mimi nikamwacha alie maana alichelewa sana. Siku zile za gereji nililala nyumbani kwa Asukile, mkewe Damari akanifulia nguo zile za tope bila kuniuliza kitu. Mungu ambariki.

Hata hilo silo gumu. Gumu ni hili. Jumamosi Kuu, lori lilipokipanda kilima, nilikuwa nimo. Tulifika juu kabisa, Seni akazima injini, na kwa kuwa hakukuwa tena na kelele nilisikia mbwa wakibweka kijijini. Niliona mianzi yetu. Niliona paa la nyumba, na moshi unatoka jikoni kwako, nikajua unapika maharage ya sikukuu na kwamba sahani yangu umeiweka. Asukile alitutazama, akasema anakwenda kuangalia kama bomba linavuja, akakaa huko nyuma muda mrefu kuliko bomba lolote linavyohitaji. Seni aliniuliza anishushe au ageuze. Alisema lolote nitakalochagua atalisimamia mbele ya kaka yake, na kwa mara ya kwanza nilimwamini.

Nilitaka sana kushuka mama. Nilitaka kukimbia kile kilima chote mpaka kwako. Lakini sanduku lilikuwa juu ya magunia, na unajua desturi yetu. Mke akionekana anaingia kwao na sanduku, kesho yake wazee wamekaa, na kumtoa tena ni vikao na pombe na maneno yasiyofutika. Wangesema Wasukuma wamemrudisha, na hata ningeondoka kesho yake wangeendelea kusema. Nikamwambia Seni ageuze. Niligeuka nikiwa nimekuona, au nimeuona moshi wako, na sikushuka kukuamkia mkesha wa Pasaka. Nisamehe mama. Sikukukimbia wewe. Nilikuwa ninakwenda kukidai chumba changu kwa mume wangu, nami nilijua fika kwamba nikishaingia kwako sitakuwa na nguvu ya kutoka.

Sasa nimekwisha sema, na nimepumua. Usimchukie Masunga, tafadhali, na kaka Liberatus usimsomee sehemu hii ya mwisho mpaka awe ameshiba. Seni anakuamkia kwa heshima zote. Dada Mbuke anakutumia mchele kwa mkono wa dereva atakayekuletea barua hii, nusu ni wako na nusu ni wa wifi Lea, asiuguse kabla yako. Nisalimie Padre, majirani wote wa upande wa mto, na mama Verediana, umwambie mbegu zake za maboga zimeota hata kwenye joto hili.

Mwezi wa Agosti, mpunga ukishaisha kupanda mjini, nakuja. Masunga mwenyewe amesema Ngosha anilete mpaka mlangoni kwako, mchana, mbele ya watu wote, na anirudishe. Nitakuja na kikapu tu. Hutatusikia tukifika, mama, kwa hiyo uwe unachungulia.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Severina, mke wa Seni